Nilivyoisaka Bodi ya Sufu: Mafunzo Manne Niliyopata

Baridi ya Juni huku Olkokola, ubavuni mwa Mlima Meru, ndiyo iliyonitia wazo. Kondoo ninao kumi na wanane. Wageni wanaopanda mlima hushuka wakitetemeka. Kwa nini nisiwauzie kofia za sufu? Nikakata manyoya, nikajaza viroba viwili, nikashuka Arusha mjini kuulizia bodi inayosimamia sufu.

1. Mjue mnyama kabla ya kuitafuta ofisi. Kaunta ya kwanza waliniambia njoo kesho; kesho yake wakanielekeza mlango mwingine. Siku ya tatu bwana mifugo mmoja alitia mkono kirobani, akatabasamu. "Mama, hizi ni nywele, siyo sufu." Kondoo wetu wekundu wa Kimasai ni wa nyama na mafuta ya mkia, na sifa yao kubwa ni kustahimili minyoo. Uzi hawana.

2. Bodi hufuata mali, haiizai. Kahawa yetu ya Meru ina bodi yake, makao Moshi. Pamba inayo, mkonge unao. Maziwa yalitungiwa sheria mwaka 2004, nyama 2006, biashara ya ngozi 2008. Mimi nilitaka msimamizi wa kitu ambacho zizini kwangu hakikuwepo.

3. Wenye bodi nao hulia. Australia, shirika la umma lilinunua kila robota la sufu lililokosa bei ya chini iliyopangwa. Bei ilipangwa juu mno, wanunuzi wakakaa pembeni. Mpango ukaanguka Februari 1991, ghalani mkiwa na marobota zaidi ya milioni 4. Lesotho nako, kanuni za 2018 ziliwabana wafugaji wauzie sufu yao nchini. Malipo yakachelewa, na mwaka 2019 wakaandamana Maseru. Tangu nijue hayo, nikisikia "serikali ituundie bodi", nauliza kwanza: bei ataipanga nani, na mfugaji atalipwa lini?

4. Uza ulichonacho, chote. Kondoo wangu sasa nawapeleka mnadani kama kondoo wa nyama. Tukichinja nyumbani, namsimamia mchinjaji: kisu kikitoboa ngozi, daraja limeshuka. Zamani ngozi hiyo nilimwachia bure, huku nikihangaika na nywele.

Viroba viwili bado vipo darini. Paka amezalia humo.