SOMO LA AFYA: MIFUPA YA BIBI ZETU

Somo la robo hii linahusu mifupa.

Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 68 hapa Ndama anatoka bafuni asubuhi. Nyasi zina umande, anateleza na kuangukia ubavu. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kwenye pikipiki, lakini hawezi kusimama, na mguu mmoja umegeukia nje na kuonekana mfupi kuliko mwenzake. Nyumbani wanasema ni uzee. Anaitwa mtu wa kuchua, anakandwa kwa maji ya moto wiki mbili, tatu. Wakati huo wajukuu wanne aliokuwa akiwapikia wanagawanywa kwa majirani.

Huo si uzee mtupu. Mfupa wenye afya hauvunjiki kirahisi kwa mtu kuanguka tu akiwa amesimama. Ukivunjika hivyo, mara nyingi ni kwa sababu ulikuwa umekwisha kulika ndani, kama ubao ulioliwa na mchwa: nje mzima, ndani mwepesi. Waganga huita hali hiyo osteoporosisi. Ubaya wake ni kwamba hauumi mpaka siku ya kuvunjika. Dalili chache za mapema ni mtu kupungua kimo, mgongo kuinama taratibu, au maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua ndoo. (Kijana anayepinda mgongo huku akikonda na kupata homa za jioni ni jambo jingine. Huyo apelekwe haraka kupimwa kifua kikuu, kwani nacho hula uti wa mgongo.)

Mwili hujenga mifupa hadi kwenye umri wa miaka 30 hivi, kisha huanza kutumia akiba. Mwanamke akikoma hedhi, akiba hiyo hupungua kwa kasi kwa miaka kadhaa. Inakadiriwa kwamba duniani, kati ya watu waliovuka miaka 50, mwanamke 1 katika 3 na mwanamume 1 katika 5 atavunjika mfupa kwa sababu hii.

Kwetu Kagera jambo hili lina uzito wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na wazazi wengi walipofariki ni bibi waliobaki na watoto. Bibi akivunjika nyonga, nyumba nzima imevunjika. Aidha, wapo wenzetu wengi wanaoishi na virusi kwa miaka mingi na sasa wanazeeka, jambo la kushukuru. Virusi vyenyewe, na dawa ya tenofoviri kwa kiasi kidogo, hupunguza uimara wa mifupa. Hii si sababu ya kuacha ARV hata siku moja. Ni sababu ya kumuuliza mganga kuhusu mifupa siku ya kliniki.

Dawa ya kuogopa zaidi ni prednisoloni inayonunuliwa dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo. Ikitumiwa miezi mitatu au zaidi bila usimamizi hudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafla pia ni hatari. Anayeitumia aende kwa mganga.

Sasa tuje jikoni. Ndizi zetu zinashibisha, lakini zina kalsiamu kidogo sana, na maharage peke yake hayazibi pengo hilo. Kinachoziba ni maziwa na dagaa. Glasi moja ya maziwa, au ya mtindi, ina miligramu 300 hivi, na mtu mzima anahitaji 1,000 au zaidi kidogo kwa siku. Dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, kiganja kimoja hushinda glasi hiyo. Wapo wanaowadharau dagaa kama chakula cha kuku. Kuku hao wana bahati. Wasio na meno wasagiwe unga wake na kutiwa katika mboga au uji. Na yule mwenye ng'ombe anayeuza maziwa yote asubuhi abakize kikombe cha binti yake, maana akiba ya bibi wa kesho inawekwa leo.

Jua tunalo, wazee wasifungiwe ndani. Kutembea na kulima kwa kiasi huimarisha mifupa. Rubisi na gongo huidhoofisha, kisha humwangusha mnywaji.

Wanakamati, mtakapowatembelea wazee tazameni pia njia ya chooni: mizizi, mashimo, giza. Fito mbili za kushikia na fimbo imara hugharimu kidogo. Aliyeanguka akashindwa kusimama asichuliwe. Afungwe miguu pamoja kwa kanga, abebwe kwa machela mpaka hospitali yenye eksirei, kama Nyakahanga kwa upande wa Karagwe au Isingiro kwa upande wa Kyerwa. Nyonga iliyovunjika mara nyingi huhitaji upasuaji. Hata katika nchi tajiri, takriban mmoja kati ya wagonjwa watano wa nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha, na kulala kitandani bila matibabu huleta vidonda na homa ya mapafu.

Kwa wafadhili: msituletee kwanza vidonge vya kalsiamu. Nauli ya gari la kumfikisha bibi hospitali siku ile ile, na gharama ya upasuaji, ndivyo vinavyokosekana. Tunaziomba kamati zituandikie, kabla ya tarehe 20 Oktoba, Siku ya Osteoporosisi Duniani, idadi ya wazee walioanguka mwaka huu katika kila kigango, na ni wangapi kati yao walifika hospitali.