Bango la Bia kama Matini: Ukusanyaji na Uthamini wa Matangazo ya Kale katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuitafuta matini kitabuni au kinywani mwa fanani. Ni wachache wanaoitafuta ukutani mwa baa. Hata hivyo, katika vituo vya biashara vya Ukambani, kuanzia Mwingi na Mutomo katika Kaunti ya Kitui hadi Sultan Hamud, Emali na Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, bango la bia ni sehemu ya Kiswahili kinachosomwa hadharani. Makala haya yananuia kuonyesha namna mabango ya kale yanavyoweza kukusanywa na kuthaminiwa, na kwa nini thamani yake haiishii katika bati.

Usuli

Kampuni ya Kenya Breweries iliasisiwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding. George Hurst aliuawa na ndovu mwaka 1923, na inasimuliwa kuwa jina la bia ya Tusker lilitokana na mkasa huo. Mwaka 1936 kampuni ilichukua jina la East African Breweries.

Bia hiyo iliikuta jamii yenye pombe yake. Wakamba walikuwa na uki, ikiwemo kaluvu iliyochachushwa kwa matunda ya mti wanaouita muatine, na wazee waliinywa katika mashauri na shughuli za ndoa. Kaluvu haikuhitaji bango. Mwenye boma ndiye aliyewaalika wanywaji. Bia ya kiwandani haikuwa na mwenye boma, hivyo ikahitaji maandishi ya kumwalika mpita njia.

Lugha ya bango

Chukua kaulimbiu ya Tusker, "Bia yangu, nchi yangu". Nomino zote mbili ni za ngeli ya I-ZI, kwa hivyo kivumishi kimilikishi kinapata umbo lile lile, na takriri inazaliwa na sarufi yenyewe. Lau ingeandikwa "kinywaji changu, nchi yangu", ulinganifu ungevunjika, na pamoja nao dai kwamba mapenzi ya bia na mapenzi ya nchi ni kitu kimoja.

Kaulimbiu ya Pilsner, "Imara kama simba", ni tashbihi isiyo na kiima. Je, aliye imara ni bia au mnywaji? Kivumishi "imara" hakichukui kiambishi cha ngeli, hivyo kinawafaa wote wawili. Kama lingetumiwa neno lenye mzizi -kali, mwandishi angelazimika kuchagua: "kali" kwa bia au "mkali" kwa mnywaji. Utata huo ndio unaouza.

Ukusanyaji

Bango lipigwe picha lilipo kabla ya kuguswa, kisha yaandikwe mahali, ukuta, vipimo na maelezo ya mwenye jengo. Bango lililong'olewa bila maelezo hayo ni kama methali iliyonukuliwa bila muktadha. Kwa maandishi yaliyochorwa ukutani kwa mkono, picha ndiyo hifadhi pekee. Rangi mpya ikipakwa, matini imekwisha.

Uthamini

Kigezo cha kwanza ni uhalisi. Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bamba la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi. Bamba lake ni zito, na aghalabu kidole huhisi kingo za rangi zilizopandana. Kutu ya kweli huanzia penye misumari na penye mbanduko. Kutu iliyoenea sawasawa huzua shaka.

Cha pili ni tarehe. Bango lenye jina la East African Breweries haliwezi kutangulia mwaka 1936, na lenye maneno "Wilaya ya Makueni" haliwezi kutangulia 1992, wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Machakos. Ieleweke kuwa ushahidi wa aina hii huonyesha mwanzo tu. Nakala ya jana inaweza kubeba jina la kale.

Cha tatu ni hali, na hapa wengi hukosea kwa kupaka rangi upya. Urekebishaji huo hufuta ushahidi na kushusha thamani. Cha nne ni matini: bango la Kiswahili lililochakaa laweza kumfaa mtafiti kuliko bango safi lenye nembo peke yake.

Mshindani mkubwa wa mkusanyaji ni mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hulipa kwa kilo. Mwenye baa asiyeelezwa thamani nyingine hana sababu ya kukataa. Kwa hiyo ni wajibu wa mkusanyaji kumweleza ukweli kabla ya kutaja bei. Anayemficha hupata bati, lakini humpoteza mtu ambaye angemsimulia habari zake.

Hitimisho

Huenda ikahojiwa kuwa kazi hii inautukuza ulevi. La hasha. Sheria ya mwaka 2010 iliweka masharti mapya juu ya uuzaji na utangazaji wa vileo, na ni vigumu kueleza haja ya masharti hayo bila kuonyesha lugha iliyowavuta watu. Kuhifadhi si kusifu. Inapendekezwa kwamba kila mwanafunzi aanze na kituo cha biashara cha kwao: apige picha, aulize, aandike. Ukuta hausubiri tasnifu imalizike.