Mwenye Heri Frédéric Ozanam: Sadaka Haifuti Deni la Mshahara



Paris, 1833. Frédéric Ozanam ana miaka 20, anasoma sheria. Kwenye mdahalo anasifu mema ambayo Kanisa limeutendea ulimwengu. Kijana mmoja asiyeamini anamuuliza: sawa, hayo ni ya zamani, ninyi leo mnafanya nini? Swali lile likamchoma. Yeye na wenzake wachache wakaanza kuwatembelea maskini majumbani, wakielekezwa na Sista Rosalie Rendu. Ndiyo asili ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, hiki hiki tulichonacho parokiani.

Wengi tunaishia hapo, lakini Ozanam hakuishia hapo. Mwaka 1839 alianza kufundisha sheria ya biashara kule Lyon, mji wa wafumaji wa hariri waliokuwa wameasi mwaka 1831 na 1834. Darasani alifundisha kwamba ujira wa haki lazima utoshe mambo matatu: riziki ya mfanyakazi, malezi na elimu ya watoto wake, na uzee wake. Bosi anayemwona mtu kama chombo tu, alisema, anamnyonya. Waraka wa Rerum Novarum ulitoka 1891, nusu karne baadaye!

Alieleza kwa mfano wa Msamaria Mwema: upendo humwaga mafuta kwenye majeraha, lakini kazi ya haki ni kuzuia watu wasivamiwe njiani. Vyote viwili vinahitajika. Ukikosa upendo, haki inakuwa kavu. Ukikosa haki, sadaka yako inaweza kuwa ni jasho la mtu mwingine.

Hapa ndipo panapouma. Tunachanga kwa ajili ya yatima, safi kabisa. Je, dada wa kazi nyumbani kwetu amelipwa mwezi huu? Soma Yakobo 5:4 polepole.

Ozanam alifariki 1853 akiwa na miaka 40, mume na baba wa binti mmoja. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1997 mjini Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani. Yaani, mbele yetu vijana.

Tafakari: Nani ananidai jasho lake?

Tendo la wiki: Mlipe kwanza, ndipo utoe sadaka.

Tusali: Ee Bwana, utupe moyo wa huruma na mikono ya haki. Amina.