Kusimamisha baiskeli bila kutia mguu chini

Baiskeli huyumba inapopunguza mwendo kuliko inapokimbia. Mchukuzi mwenye mitungi ya maji katika mitaa ya Malindi, au mzazi aliyempakia mtoto kwenye keria akienda sokoni Kilifi, hana taabu barabara ikiwa wazi. Taabu humfika pale tuktuk inapokata kona mbele yake, au matatu inaposimama ghafla kushusha abiria. Hapo hulazimika karibu kusimama, na akikosa mizani huenda akaangukia upande wa magari. Kwa hivyo somo letu la juma hili ni kusimamisha baiskeli huku umeipanda, miguu yote miwili ikiwa juu ya pedali.

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya sarakasi. La, si hivyo. Katika mbio fupi za uwanjani ni mbinu ya kawaida: mpandaji husimama ili mpinzani wake alazimike kutangulia, kwani aliye nyuma hukingwa na upepo. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964, Mwitaliano Giovanni Pettenella na Mfaransa Pierre Trentin walisimama hivyo kwa karibu dakika 22. Siku hizi sheria haziruhusu kusimama zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja. Kwa mtu wa mjini, sekunde 3 zatosha kuipisha tuktuk.

Mwili huhifadhi mizani kwa kusikiliza mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni sikio la ndani, lenye mirija mitatu myembamba iliyojaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hayo huchelewa kidogo kukifuata, na ubongo hupata habari. Wa tatu ni misuli, viungo na nyayo. Shahidi mmoja akidhoofika, wale wawili hujaribu kuziba pengo. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha ufumbe macho, nawe utaona jinsi mwili unavyoanza kuyumba.

Wengi huamini kwamba baiskeli haianguki kwa sababu magurudumu yake huzunguka kama pia. Mwaka wa 2011 wahandisi wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha baiskeli ambayo nguvu hiyo ya mzunguko ilikuwa imefutwa, na bado ilikwenda wima bila mtu. Mpandaji, kwa upande wake, hugeuza usukani kidogo kidogo kuelekea upande anaoinamia, hivyo magurudumu hurudi chini ya uzito wake. Baiskeli ikisimama kabisa, kugeuza usukani hakusaidii tena. Lazima itafutwe njia nyingine ya kuyarudisha magurudumu mahali pake.

Njia yenyewe ni hii. Tafuta mahali penye mwinuko mdogo mno, mbali na magari. Malindi ni tambarare, lakini penye mlango wa gari au ukingo wa uwanja hapakosi kamwinuko. Vaa viatu vinavyoshika pedali, ndara huteleza. Shusha kiti kidogo, na usipakie kitu chochote kwenye keria. Panda mwinuko polepole, kisha simama juu ya pedali, zote mbili zikiwa sawasawa, mguu wa kushoto mbele. Geuza gurudumu la mbele upande wa kushoto, kiasi cha nusu ya pembe mraba, na mwinuko uwe upande huo huo.

Sasa sikiliza mwili. Ukiinamia kushoto, kanyaga kidogo mbele, na gurudumu litasogea kushoto chini yako. Ukiinamia kulia, legeza mguu ili mwinuko uirudishe baiskeli nyuma kidogo. Ni kwenda mbele na nyuma kwa inchi moja au mbili tu. Macho yatazame kitu kisichosogea hatua kadhaa mbele, wala si tairi. Magoti na viwiko visikazwe. Baiskeli zetu nzito zenye breki za vyuma zafaa kabisa kwa zoezi hili, mradi breki ziwe zinashika.

Jifunze dakika 10 kila siku badala ya saa nzima Jumapili, kwa maana ubongo huimarisha ujuzi wa namna hii wakati wa usingizi. Lakini tusidanganyane: mizani ya baiskeli ni ya baiskeli. Mzee anayetaka kujikinga na kuanguka nyumbani afanye mazoezi ya kusimama na kutembea.

Wako wasiofaa kujaribu kabla ya kumwona daktari. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za nyayo. Sindano za gentamicin huweza kuliharibu sikio la ndani, na kwinini huleta mvumo wa masikio na kizunguzungu. Pombe nayo, mnazi ukiwemo, huingia hadi ndani ya sikio hilo na kulipotosha, ndiyo sababu mlevi huona kitanda kikizunguka.

Anayejifunza ataanguka, tena mara nyingi juu ya kiganja kilichonyooshwa. Maumivu katika kishimo kilicho chini ya kidole gumba yasipuuzwe hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu. Kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake huweza kujificha kwa siku 10 hadi 14, na kwa kuwa damu huufikia kwa shida, ukiachwa bila kufungwa huenda usiunge. Rudi ukapigwe picha ya pili. Na mtoto aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akitapika au akilalamika tumbo, ijapokuwa ngozi haina jeraha, kwani wengu au kongosho huweza kuumia ndani.