Hesabu Iliyomo Ndani ya Picha ya Familia

Picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa kusomwa na mtambo ilikuwa picha ya familia. Mwaka 1957 Russell Kirsch, aliyekuwa akifanya kazi katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, aliichukua picha ya mwanawe wa miezi 3 na kuibandika juu ya pipa lililozunguka mbele ya chombo chenye kuhisi nuru. Picha ikagawanywa katika miraba midogo, 176 kwa upana na 176 kwa urefu. Kila mraba ulipewa jibu moja kati ya mawili: mweusi au mweupe. Ili kupata rangi ya kijivu ilibidi picha ipitishwe tena, kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha majibu yaunganishwe. Mraba wa namna hiyo huitwa pikseli, na picha nzima ya mtoto huyo ilikuwa na pikseli 30,976.

Simu nyingi za leo hupiga picha zenye pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12, lakini asili ya jambo haikubadilika. Nyuma ya lenzi kuna kibamba cha silikoni chenye visehemu vidogo mno. Nuru ikivipiga hutokea umeme, na wingi wa umeme huo hupimwa na kuandikwa kwa namba. Kwa kawaida namba hiyo huwa kati ya 0, ambayo ni giza tupu, na 255, ambayo ni weupe wa mwisho. Picha ya rangi huhitaji namba tatu kwa kila pikseli: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Picha, basi, ni jedwali la namba, na kuihariri ni kulifanyia hesabu jedwali hilo.

Na ichukuliwe picha ya babu aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama saa 7 mchana mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera haijui babu ni yupi. Hupima nuru ya mandhari yote na kukisia kwamba wastani wake ni kijivu cha kati. Ikiona weupe mwingi, huipunguza nuru, na uso wa babu huzama gizani. Tatizo hili lina historia. Katika enzi ya filamu, maabara za Marekani za kusafishia picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na kwa miaka mingi nyuso nyeusi zilitoka bila umbo lake kamili. Kasoro haikuwa katika nyuso hizo.

Pikseli tatu za shavu la babu, kwa mfano, zina namba 30, 34 na 38. Mhariri akizidisha kwa 2 hupata 60, 68 na 76. Tofauti iliyokuwa 4 imekuwa 8, na mikunjo ya uso inaanza kuonekana. Lakini tarizi ya shingo ya kanzu ilikuwa na 130, 140 na 150. Ikizidishwa kwa 2 yapasa iwe 260, 280 na 300. Kwa kuwa namba haiwezi kupita 255, zote tatu hukatwa hapo. Tarizi imetoweka. Mhariri akijuta na kugawanya kwa 2, shavu litarudi kama lilivyokuwa, bali tarizi itakuwa kijivu kitupu, maana namba tatu zimekuwa moja na hakuna hesabu ya kuzitenganisha tena. Ndiyo sababu hufaa kuchagua eneo la uso peke yake kabla ya kuzidisha. Programu ya GIMP, itolewayo bure, huweza kufanya hivyo.

Upande wa giza nao una mpaka wake. Shavu likiwa na 3, 4 na 3, kuzidisha kwa 20 huleta 60, 80 na 60: madoadoa, si ngozi, kwa sababu ile 4 huenda ilitokana na msukosuko wa umeme ndani ya kamera. Dawa yake ni kumsogeza babu kwenye kivuli cha baraza, au kugusa uso wake juu ya kioo cha simu ili kamera ipime hapo.

Upotevu mwingine hutokea wakati wa kuhifadhi. Mfumo wa JPEG, uliosanifishwa mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria yaliyomo ili kupunguza ukubwa wa faili. Kila mara picha ihaririwapo na kuhifadhiwa upya, makadirio mapya huongezeka juu ya yale ya zamani. Picha zinazotumwa kwa simu nazo mara nyingi hupunguzwa njiani. Kwa hiyo picha ya asili iwekwe mahali pawili bila kuguswa, na kazi yote ifanywe juu ya nakala.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kufundisha somo hili kwa daftari la hesabu lenye miraba. Wanafunzi wachore eneo la miraba 8 kwa 8, waandike ndani yake namba kutoka 0 hadi 9, ambapo 9 ni weupe wa mwisho, kisha wapake penseli kulingana na namba. Wazidishe zote kwa 2, wakikata kila inayozidi 9, halafu wagawanye kwa 2. Wahesabu miraba iliyoshindwa kurudi. Wataona kwamba kila mraba uliokuwa na 5 au zaidi umerudi na 4 na nusu.