Kabla Hamjachanga Hela ya Hema

Mwaka jana mwezi Aprili, kikundi chetu cha watu wanne kilipanda milima ya Uluguru kwa kazi ya fildi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mchango wa kununua hema. Bumu lilikuwa linaelekea ukingoni, nikachukua la bei poa lililoandikwa "watu wanne". Usiku wa kwanza mvua ikashuka. Kufika saa nane tulikuwa tumelala kwenye dimbwi, na mwenzetu mmoja alitetemeka mpaka maneno yakawa hayatoki vizuri. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamfunga kwa blanketi moja lililobaki kavu, tukambana katikati mpaka kukakucha. Alipata nafuu, lakini lile kosa lilikuwa langu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, idadi ya watu. "Watu wanne" maana yake ni miili minne iliyopangwa kama dagaa, bila begi hata moja. Toeni mtu mmoja kwenye hesabu hiyo. Mkiwa wanne, tafuteni hema la watano au sita.

Pili, tabaka. Hema zuri la mvua lina mawili: la ndani lenye neti, na la nje linaloshuka mpaka karibu na ardhi. Letu lilikuwa na kipande kidogo juu, kama kofia ya mtoto. Pumzi za watu wanaolala nazo hugeuka maji kwenye kitambaa baridi. Tabaka zikiachana, maji hayo hutiririka kwa nje badala ya kuwadondokea.

Tatu, soma lebo. Utaona namba ya milimita: ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kuanza kuvuja. 1,500 inatosha mvua ya kawaida. Kwa masika ya milimani, tafuta 3,000. Sakafu iwe imara zaidi, kwa sababu uzito wako unakandamiza kitambaa kwenye udongo wenye maji.

Nne, geuza hema ndani nje, kagua mishono. Iwe imezibwa kwa utepe. Kwetu maji yalipitia hapohapo, kwenye matundu ya sindano.

Tano, fito. Za alumini zikipinda mara nyingi hunyosheka. Za faiba ni nafuu, ila zikivunjika hupasuka vipandevipande, hivyo beba ya akiba.

Kwa wanaokwenda mbugani kama Mikumi, epukeni bluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo.

La mwisho ndilo linaloniuma, maana halikuhitaji hata senti. Sisi tulilifungua hema letu kwa mara ya kwanza kule mlimani, giza likiingia. Lisimamisheni kwanza nje ya hosteli, mwagieni ndoo mbili tatu za maji, huku mmoja wenu amekaa ndani. Watu watawacheka, sawa. Likivuja, mtalirudisha dukani au mtaziba mishono mkiwa bado karibu na vitanda vyenu.

Na kama hela haitoshi hema la maana, bora mkodi au muazime zuri kuliko kununua bovu. Mimi niliokoa hela kidogo ya kikundi, nikakaribia kumpoteza mtu.