Saa Mbili za Kazi kwa Anayepata Nafuu



Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, sisi wauguzi huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndugu zake watamtunza kama yai, wasimwache hata aoshe kikombe. Ya pili ni kwamba siku akiamka na nguvu kidogo atashika jembe hadi jioni, na kesho yake tutampokea tena wodini. Mwezi huu tunawasimulia habari za mwandishi mmoja wa hadithi aliyejua kupita katikati ya hatari hizo.

Flannery O'Connor alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Georgia, Marekani, katika familia ya Kikatoliki. Desemba 1950 alikuwa mbali na nyumbani, akipiga taipu riwaya yake ya kwanza, akaona mikono inakuwa mizito. Alipanda treni kwenda kwa mama yake kwa Noeli, akafika akiwa hoi. Ulikuwa ugonjwa wa lupasi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo na damu. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Hauambukizi, wala si kulogwa. Baba yake Flannery alikufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1941.

Mama yake alijua, lakini hakumwambia. Msichana aliamini ana baridi yabisi hadi mwaka 1952, rafiki alipomfunulia ukweli. Tunamwelewa mama yule, maana alikwisha kumzika mumewe. Hata hivyo hatukubaliani naye. Mtu asiyejua anaumwa nini hawezi kujipimia kazi, hajui dalili ipi aiogope, na kila siku anashangaa kwa nini amechoka. Familia nyingi hutuomba tufiche. Tunawaomba nao watusamehe tunapokataa.

Basi, siku ya mwandishi huyu ilikuwaje? Aliishi na mama yake katika shamba la Andalusia, karibu na mji wa Milledgeville. Kwa kuwa ngazi zilimshinda, chumba chake kilikuwa chini. Asubuhi walikwenda Misa mjini. Kisha, kuanzia saa tatu hivi, aliketi kwenye taipu yake, meza ikielekea mgongo wa kabati ili macho yasitangetange dirishani. Aliandika kwa muda wa saa mbili, mara nyingine tatu, basi. Alisema wazi kwamba nguvu zake haziendi mbali zaidi, lakini hakuruhusu kitu chochote kuingilia muda huo: saa ile ile, mahali pale pale, kila siku. Alasiri alipumzika, alipokea wageni, aliandika barua na kuwaangalia tausi wake, waliofikia arobaini hivi. Usiku alilala mapema.

Kwa mwendo huo wa kobe alitoa riwaya mbili, mwaka 1952 na 1960, na kitabu cha hadithi fupi mwaka 1955. Wapo wenye afya kamili ambao hawajamaliza hata kimoja!

Tazameni alichofanya. Hakungoja apone ndipo aanze, wala hakuimaliza siku nzima kwa sababu ameamka vizuri. Nguvu za anayepata nafuu ni kama unga uliobaki debeni kabla ya mavuno. Aliweka kazi ile anayoithamini asubuhi, wakati mwili haujachoka, na akaacha kabla ya kuishiwa.

Kwetu si lazima iwe kuandika. Aliyetoka kuugua nimonia au homa ya matumbo anaweza kuchambua maharage akiwa ameketi, kushona, kusahihisha madaftari ya shule. Aanze na nusu saa. Kama kesho yake ameamka amechoka kuliko jana, kazi ilizidi, apunguze. Kama hakuchoka, aongeze kidogo. Aliyepasuliwa tumbo asiinue ndoo ya maji kwa wiki sita hivi, hata kama mshono umekauka nje, maana ndani bado. Lakini atembee uani kila siku. Kulala tu kunadhoofisha misuli na kunaweza kugandisha damu miguuni.

Jambo la dawa nalo tusilipite. Enzi zile Flannery alitibiwa kwa sindano za homoni iliyotolewa kwa nguruwe, ambayo huuchochea mwili utengeneze kotisoni. Iliokoa maisha yake, lakini dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa, naye kuanzia mwaka 1955 alitembea kwa magongo. Siku hizi ziko tiba nyingine, na wagonjwa wengi wa lupasi huishi miaka mingi wakifuatiliwa vizuri kliniki. Wajikinge na jua kali. Na yeyote aliyeandikiwa prednisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa kuwa amepata nafuu, kwa sababu mwili umezoea kuitegemea na anaweza kuzirai hata kufa. Daktari ndiye huipunguza pole pole.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 Flannery alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, na lupasi ikaamka upya. Miezi ile ya mwisho saa mbili zilimshinda. Alifanya kazi kwa muda mfupi mfupi, anaandika kidogo, analala, anaamka tena kusahihisha. Alifariki tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39. Hadithi alizokuwa akizisahihisha kitandani zilitoka katika kitabu mwaka uliofuata.